Viatu vya Mtu Asimamaye

Kazi nyingi za ulimwengu hufanywa na watu waliosimama. Mwalimu husimama mbele ya ubao, muuguzi husimama kando ya vitanda, mpishi husimama mekoni, askari husimama njia panda, na mwenye kuuza sokoni husimama nyuma ya mafungu yake tangu alfajiri hata jua linapokuchwa. Watu hao hukinung'unikia sana kiuno kinachouma na mgongo uliochoka, lakini ni wachache wautazamao mguu, nao ndio uchukuao mzigo wote. Habari hii ni ya watu wawili wa Muleba, mwalimu kijana na mama yake, na jinsi walivyojifunza kununua viatu. Mmoja alijifunza kwa malengelenge. Mwingine kwa hasara kubwa zaidi.

Mwalimu huyu alipata kazi yake ya kwanza katika shule iliyo juu ya kilima, katikati ya migomba. Alipopokea mshahara wa kwanza aliona haya kuendelea kusimama mbele ya watoto na raba zake za chuoni, ambazo vidole vilikuwa vimekwisha kuanza kuchungulia. Basi siku ya Jumamosi akapanda gari la abiria mapema, akapita Muhutwe na Kemondo, akafika Bukoba saa tatu ya asubuhi. Safari hiyo ni karibu kilometa 70, naye alitaka kurudi kabla ya adhuhuri, kwa hiyo alinunua kwa haraka. Katika duka la kwanza akaona viatu vyeusi vyenye kung'aa kama kioo, ncha zake zimechongoka kama mdomo wa ndege. Mwenye duka akamwuliza namba. Akajibu, "Arobaini na moja," kwa kuwa ndiyo namba aliyoivaa tangu alipokuwa mwanafunzi. Akaingiza mguu mmoja tu, tena akiwa ameketi. Kiatu kikambana kidogo.

"Kitatanuka," akasema mwenye duka.

Neno hili hulijua wauza viatu wa nchi zote. Kijana akaliamini, akalipa. Alipokuwa akitoka akaona viatu vya kike vya rangi ya damu ya mzee, vyembamba, vyenye ua dogo la chuma juu ya vidole. Akamkumbuka mama yake, ambaye alimsomesha kwa kuuza ndizi. Akavinunua na hivyo, akiukisia ukubwa wake kwa shubiri ya mkono wake.

Jumatatu alivaa viatu vipya, na darasa lenye watoto themanini likasimama kumwamkia. Somo la kwanza lilipita vema. Katika somo la pili aliona vidole vyake vimelaliana. Ilipofika saa sita kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka, na kila hatua ilikuwa kama kukanyaga kaa la moto. Hakusema neno, kwani kijana hapendi kukiri kwamba ameshindwa na kiatu. Lakini tangu siku ile ufundishaji wake ulibadilika. Alianza kufundisha ameketi. Alimtuma kiranja kuandika ubaoni badala yake. Hakupita tena kati ya madawati, kwa hiyo hakuona nani anaandika na nani amelala. Siku ya Alhamisi alimwadhibu mtoto mmoja kwa kosa dogo sana, na alipokuwa akirudi nyumbani, viatu mkononi, akatambua kwamba mtoto yule alikuwa amelipa deni la kiatu.

Ni vizuri kujua kilichotokea ndani ya viatu vile. Mguu mmoja wa mtu, chini ya kifundo, una mifupa 26, nayo imefungwa pamoja kwa kano nyingi, ili iweze kulegea na kukaza kwa zamu kila mtu akanyagapo. Mtu anapotembea, nyama za shavu la mguu hukaza na kulegea, na kwa kufanya hivyo huisukuma damu irudi juu moyoni. Asimamapo mahali pamoja nyama zile hupumzika, na damu hukawia chini. Ndiyo sababu askari aliyesimama lindo saa mbili huchoka kuliko mkulima aliyetembea saa mbili. Ndiyo sababu pia miguu huvimba kidogo kidogo tangu asubuhi hata jioni, hata kiatu kilichokuwa sawa saa tatu kinakuwa kidogo saa kumi. Mwalimu alikuwa amemnunulia viatu mtu wa asubuhi, kisha akamvika mtu wa jioni.

Tena mguu hauachi kubadilika mtu amalizapo kurefuka. Miaka inavyokwenda, unyayo hulegea na kupanuka, na mwanamke aliyezaa mara kwa mara huweza kuona viatu vyake vya ujana havimwingii tena. Namba ya mtu basi si kama jina lake, ambalo hupewa mara moja likadumu. Kila anunuapo viatu yampasa aipime upya.

Sasa tumwangalie mama. Yeye huuza ndizi katika soko la Muleba. Hufika kukiwa bado na umande, hupanga mikungu yake, na husimama, kwa maana mnunuzi hupita upesi na aketiye haonekani. Alipopewa viatu vile vya rangi ya damu ya mzee alipiga vigelegele hata majirani wakatoka nje. Akavivaa Jumapili kanisani. Kisha akavivaa sokoni pia, ili watu waone aliyotendewa na mwanawe.

Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka sita. Alimeza dawa zake, aliacha sukari katika chai, na mwanawe alijua hayo yote. Jambo asilolijua ni kwamba kisukari kikikaa mwilini muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu huanza kuhisi ganzi, kisha hahisi kitu. Na wakati huo huo mishipa ya damu husonga, hata kidonda kidogo hukosa damu ya kutosha ya kukiponya. Mtu wa namna hiyo hawezi kuuamini mguu wake. Mguu mzima hupiga kelele ukibanwa. Mguu wake hunyamaza.

Mama hakulalamika kamwe juu ya viatu vile. Mwanawe alipomwuliza kama vinamfaa, alijibu, "Vinanifaa sana, mwanangu. Hata sisikii kama nimevaa kitu." Kijana akafurahi kwa jibu lile.

Wiki tatu zikapita. Jioni moja mjukuu wake, msichana wa miaka tisa, alikuwa akimwosha bibi yake miguu, kama alivyozoea. Akasema, "Bibi, hapa pananuka." Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto palikuwa na shimo, na pembeni mwake ngozi ilikuwa nyeusi. Asubuhi wakampeleka hospitali. Daktari akaomba aletewe na viatu. Akatia mkono ndani ya kile cha kushoto, akapapasa, kisha akaushika mkono wa mwalimu na kuutia humo. Mwalimu akachomwa. Kisumari kilichoshika lile ua la chuma kilikuwa kimepenya ngozi, kikatokea upande wa ndani, na kiatu chembamba kilikuwa kimekisukuma kidole juu yake kila siku, saa kumi kwa siku.

"Hukusikia maumivu, mama?" daktari akauliza.

"Sikusikia, waitu. Wala sasa sisikii."

Kidole kile kilikatwa. Mama alikaa hospitali wiki tano, na katika wiki hizo ndizi zilisimamiwa na mjukuu baada ya shule, naye hakujua kupatana bei. Mtu hakumlaumu mwalimu. Mama yake mwenyewe alisema, "Ulinipa zawadi. Msumari hukuutia wewe." Lakini kijana alikuwa akikumbuka jinsi alivyopima kiatu kwa shubiri yake, huku akitazama saa ya gari.

Wazee wa Buhaya hawastaajabu wasikiapo kwamba kitu kidogo kimekula kidole. Wamepokea habari za funza kutoka kwa wazazi wao. Mdudu yule hakuwako Afrika zamani. Alikuja kwa merikebu kutoka Brazil mwaka 1872, akashuka pwani ya Angola, akasafiri na misafara ya wachukuzi na askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kufika nchi zilizozunguka ziwa letu kubwa, na mwaka 1898 alikuwa Unguja. Kwa hiyo alilikata bara zima kwa miaka isiyotimia thelathini, akipita juu ya nyayo zisizo na viatu. Watu wengi walipoteza vidole kwa kutojua kumtoa. Lakini katika miaka ile kiatu kilionekana kuwa alama ya ukubwa, kitu cha karani na cha bwana, wala si kinga. Fikira ile haijatutoka. Hata leo watu hununua viatu kama wanavyonunua kofia, kwa kutazama jinsi vitakavyoonekana na wengine.

Mama alipoondoka hospitali daktari alimpa masharti. Asitembee miguu mitupu, hata ndani ya nyumba. Asivae kandambili, kwa maana huacha vidole wazi na hulazimisha mguu kuzishika. Katambuga za mpira wa gari pia asivae, ingawa hudumu miaka mingi, kwani kamba zake huchubua na misumari yake huchomoza. Atafute kiatu kilichofungwa, kipana, laini ndani, chenye kamba. Mwalimu akachukua karatasi ya daftari, akamketisha mama yake juu ya kigoda, akachora mguu wake kwa kalamu ya risasi. Akaikunja karatasi, akaenda Bukoba.

Safari hii hakuingia dukani. Alikwenda kwa fundi viatu mmoja mzee aketiye barazani si mbali na soko, mwenye msharasi, uzi uliopakwa nta, na rundo la soli za zamani. Mzee akaikunjua karatasi, akaitazama sana.

"Mchoro mzuri, mwalimu. Mguu huu uliuchora saa ngapi?"

"Asubuhi, mzee, kabla mama hajachoka."

"Alisimama au aliketi?"

"Aliketi."

"Basi umenichorea mguu wa mtu aliyepumzika. Anayenunua kiatu ni yule anayesimama. Mguu ukichukua uzito wa mwili hurefuka na kupanuka. Tena umechora mmoja. Je, wa pili u sawa na huu?"

Mwalimu hakujua.

"Kwa watu wengi hauwi sawa," akasema mzee. "Kiatu hununuliwa kwa mguu ulio mkubwa. Mlete mwenyewe. Mlete jioni, saa kumi na moja, akiwa amekwisha kutembea kutwa. Na avae soksi atakazovaa sokoni."

Kisha, kwa kuwa wateja walikuwa wachache, akamfundisha mambo ya namba. Mwalimu alidhani namba ya kiatu ni kipimo kilicho sawa kila mahali, kama kilo. Sivyo. Katika hesabu ya Waingereza namba moja huipita inayoitangulia kwa theluthi ya inchi, na kipimo hicho kilitokana na urefu wa punje ya shayiri. Katika hesabu ya Ulaya bara namba moja huipita nyingine kwa theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo kiatu cha namba 42 kimeshonwa juu ya mfano wa mguu, wa mti au plastiki, wenye urefu wa sentimita 28. Mwanafunzi aweza kuhakikisha kwa kalamu yake. Lakini hesabu zote mbili hupima urefu tu. Juu ya upana hazisemi kitu, na vidole vya watu wengi husumbuliwa na upana. Mtu aliyebanwa ubavuni huchukua namba kubwa zaidi, na kiatu kikawa kirefu; kisigino kikapanda na kushuka humo ndani, kikachubuka; naye akabaki amebanwa mbele na kupwaya nyuma.

Viatu hivyo vyenye namba mbalimbali hufika Bukoba kutoka nchi nyingi. Vingine ni vipya vya viwanda vya mbali, vingi ni vya mtumba, na vichache hushonwa nchini, kama vile vya Gereza la Karanga huko Moshi. Vingeweza kuwa vingi zaidi. Kiwanda kikubwa cha viatu kilijengwa Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikufika hata sehemu ya kumi ya kusudi hilo, kikafungwa mwaka 1990. Labda waliokipanga nao walipima mguu uliokaa kitini.

Juu ya viatu vya mtumba mzee alikuwa na maneno yake. Aliviheshimu kwa kuwa vingi vimeshonwa kwa ngozi halisi, na vikapita mikononi mwake vikiwa vimezeeka kwa heshima. Lakini akamwonyesha mwalimu soli ya ndani ya kiatu kimoja. Humo mlikuwa na vishimo vitano vya vidole vya mtu asiyejulikana, na kisigino kilikuwa kimelika upande. "Kiatu hiki kimekwisha kujifunza mguu wa mwingine," akasema. "Mwenye miguu mizima aweza kukifundisha upya. Mama yako asikivae."

Jumamosi iliyofuata mama na mwanawe wakafika saa kumi na moja kasorobo. Mama alikuwa ametembea sokoni tangu asubuhi, naye alikuwa amechoka kweli. Mzee akamsalimu kwa adabu, akamketisha, akaitazama miguu yake bila kuonyesha mshangao. Kisha akafunga sanduku lake na kwenda nao madukani, jambo ambalo mafundi wengi wasingefanya.

Katika duka la kwanza wakapewa viatu vya kike vyeusi, vyema kwa kutazama. Mzee hakumwambia mama avivae. Aliing'oa soli ya ndani, ile laini iliyolala humo, akaiweka sakafuni, akamwomba mama asimame juu yake. Vidole vikamwagika pembeni kama unga uliojaa kibaba. "Humo ndimo ulimotaka kuviingiza," akasema. Wakatoka.

Duka la pili hivyo hivyo, na la tatu. Mama akaanza kukata tamaa. Katika duka la nne mzee aliiacha rafu ya viatu vya kike, akaenda kwenye ya wanaume, akateremsha viatu vyeusi vya ngozi, vyenye kamba, ncha zake za mviringo kama sufuria.

"Hivyo ni vya baba," mama akasema. "Watu watanicheka, waitu."

"Watacheka siku mbili, mama, kisha watachoka," mzee akajibu. "Kwanza simama juu ya soli."

Akasimama, na mguu wote ukakaa ndani ya mpaka wake. Ndipo mzee alipoanza kazi yake. Alikikunja kiatu kwa mikono miwili, na kikakunjika pale vidole vinapoungana na unyayo, mahali ambapo mguu wenyewe hukunjika. Kile cha duka la pili kilikunjika katikati kama kitambaa, na kiatu cha namna hiyo hakimchukui mtu. Mtu ndiye hukichukua. Akajaribu kukipinda kama asongaye nguo, kikakataa. Akaubonyeza ukuta wa nyuma wa kisigino kwa kidole gumba, ukasimama imara. Akatazama ukingo wa soli akatafuta mshono, akaukuta, maana soli iliyobandikwa kwa gundi peke yake haiwezi kushindana na mvua za Bukoba, zipatazo karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Chini palikuwa pa mpira wenye mikato, unaofaa katika udongo mwekundu wa vilima vile utelezao kama sabuni. Kisigino kilikuwa kifupi na kipana. Mwisho akatia mkono ndani, akapapasa polepole kila mahali, kama mtu atafutaye sindano kitandani. Mwalimu alipoona hivyo akageuza uso.

"Vaa vyote viwili, mama. Simama. Tembea mpaka mlangoni, urudi."

Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote palibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Mzee aliipima kwa mkono wake, asimwulize mama kama vinambana, kwa kuwa alijua kwamba mguu wake hautajibu.

Bei ilikuwa shilingi 70,000. Mama, ambaye amepatana bei maisha yake yote, akasema ni wizi, akaishusha hadi 62,000. Mwenye duka akaapa kwamba watoto wake watalala njaa, akapokea fedha. Njiani mwalimu akafanya hesabu kimya kimya. Viatu vyake vyenye ncha vilikuwa vya shilingi 25,000. Masika yalipoanza soli zilifunguka kama mdomo wa mamba, kabla miezi minne haijatimia. Mtu akinunua jozi tatu za namna hiyo kwa mwaka hutoa shilingi 75,000, na miguu yake haijapata raha hata siku moja. Ngozi iliyoshonwa, ikibadilishwa soli mara moja au mbili, huweza kudumu miaka. Hata hivyo hesabu hii si rahisi kwa kila mtu. Mwenye shilingi 25,000 mfukoni hawezi kununua kiatu cha 62,000 kwa kuonyeshwa hesabu. Itampasa aweke akiba kwanza, na huku anaweka bado anahitaji kuvaa kitu. Mwalimu mwenyewe alingoja miezi miwili kabla ya kununua vyake. Alivinunua jioni, namba 43, vipana, na hapana mwanafunzi aliyevisifu.

Mzee alichukua viatu vya mama kwa siku moja. Alilainisha mshono mmoja wa ndani kwa kuupigapiga kwa nyundo juu ya chuma, akaongeza soli ya ndani iliyo laini, akapaka dawa. Alipovirudisha alimwambia mama asivivae sokoni mara moja. Siku ya kwanza avivae saa moja tu nyumbani, kisha avue, na mjukuu atazame miguu kama pana wekundu popote. Siku ya pili saa mbili. Akifanya hivyo wiki mbili, kiatu na mguu vitazoeana bila kugombana. Akamwagiza pia asivikaushe motoni viloapo, maana ngozi huchanika kama ndizi iliyokaangwa mno. Avijaze magazeti makuukuu, aviweke kivulini penye upepo, na ayabadilishe magazeti yakinywa maji. Na kama mwanawe ataweza siku moja kumpatia jozi ya pili, avivae kwa zamu, kwa sababu jasho la siku moja haliishi kukauka kwa usiku mmoja.

Liko jambo jingine, nalo mzee alilisema akiwa anafunga mfuko. "Mimi nauza kazi yangu, lakini sitakudanganya. Kiatu kizuri hakimpi mtu ruhusa ya kusimama saa kumi. Tafuta kigoda kirefu." Mama akanunua kigoda cha mti kwa seremala wa jirani, kirefu hata akikikalia uso wake unakuwa sawa na uso wa mnunuzi. Sasa huketi na kusimama kwa zamu, wala ndizi zake hazikupungukiwa na wanunuzi. Mwalimu naye alirudi kati ya madawati. Hutembea anapofundisha, huegemea dirisha watoto wakiandika, na huuhamisha uzito wake toka mguu huu hata huu. Watoto waliokaa nyuma, ambao kwa muda walikuwa wameufanya ukuta wa nyuma kuwa mto wa kulalia, hawakufurahi.

Wenzake sokoni walimcheka mama kwa viatu vya baba, kama alivyoogopa. Hawakucheka siku mbili, bali wiki nzima. Kisha muuza maharagwe aliye upande wa kulia, ambaye miguu yake huvimba, akauliza kwa sauti ndogo vilinunuliwa duka gani.

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa, mama huvichukua viatu vyake karibu na taa. Hukipindua kimoja, hukigonga sakafuni, hutia mkono na kupapasa hadi mwisho, kisha hufanya vivyo hivyo kwa cha pili. Siku moja alitoa punje ya hindi. Siku nyingine kijiwe. Mwezi wa Novemba, baada ya usiku wa mvua, alipokipindua cha kushoto akaanguka senene mmoja mzima wa kijani. Mama akamnasa kwa kiganja kabla hajaruka, akamwita mjukuu, na mjukuu akaja mbio na kikaango.